Kalenga Hippolyte, Mchoraji wa Mnyama Mwenye Vidole Arobaini na Vinane

Padri wetu, wakubwa wa labo, wenzetu wa reli, jamaa mliotoka Ankoro, Kabalo na Manono, na ninyi majirani wa Kataki ambao tangu Jumatatu hamjalala vizuri kwa ajili yetu, mimi ni Télesphore, mdogo wa marehemu, tumbo moja, niliyeandika namba za mabehewa ya reli kwa miaka ishirini na saba, na familia imenipa karatasi hii kwa sababu wanasema napenda mno tarehe, jambo ambalo ni kweli, basi mnivumilie.

Kalenga Hippolyte alizaliwa Ankoro tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1930, mtoto wa tatu wa Papa Nicolas Ilunga, mvuvi wa mto Luvua, na Mama Philomène, wote wawili wametangulia. Tangu mdogo alikuwa akichora samaki kwa kidole kwenye mchanga wa kivukoni, na baba yetu, ambaye hakuingia shule hata siku moja, alikuwa akisimama juu ya mchoro na kuuliza samaki huyo ana mapezi mangapi, na Kalenga akikosea anarudishwa kwenye mtumbwi akahesabu upya, hata kama bugali umekwisha kupakuliwa. Mimi nilikuwa ninakula sehemu yake wakati anahesabu, naye alijua, na hakunisemea kamwe.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kule kwetu kuanzia mwaka 1937 mpaka 1943, na mwaka 1944 mjomba wetu akamleta hapa, wakati ule mji ukiitwa Albertville, akaingia shule ya ufundi mwaka uliofuata, akatoka mwezi wa saba 1948 akiwa wa pili katika kuchora, na wa kwanza alikuwa amerudia mwaka. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1949 aliingia biro ya michoro ya reli, akachora madaraja na makalvati kwa miaka tisa, na tarehe 1 mwezi wa nne 1958 akahamia labo ya uchunguzi wa ziwa, walikotafuta mtu wa kuchora samaki na wadudu wa maji, akabaki humo mpaka macho yalipomwacha. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipowekwa kando, aliandikwa Citoyen, yaani Mwananchi, Kalenga Ilunga, ndiyo maana kwenye karatasi zake za kazi hamtaona Hippolyte, lakini Mama Léontine hakuacha kumwita Polité, hata mbele ya wakubwa.

Huyo Mama Léontine alimpata kwenye treni ya Kabalo, mwaka 1954, akamchora kwa kalamu ya risasi bila kuomba ruhusa, akaweka kila kitu kama kilivyo, pamoja na pengo la jino la mbele, na dada wa watu akakasirika miezi miwili mizima. Walifunga ndoa Kabalo siku ya Jumamosi tarehe 20 mwezi wa nane 1955, na Mungu akawapa watoto watano, ambao ni Odile, Florent, Lucie, Évariste na Gérard, wote wako hapa mbele yenu, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Mchoro wa treni upo ukutani, Mama mwenyewe aliutundika, na pengo lipo.

Sasa ninafika mwaka 1979, na hapa ninaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo ambalo wengi mmelisikia nusu nusu.

Mwaka ule alifika kwenye labo Profesa Mwamba, mtoto wa Manono, aliyekuwa amekaa miaka miwili Moanda, pale nchi yetu inapogusa bahari, akitafuta katika mchanga wa ufukweni mnyama mdogo sana ambaye Wafaransa wanamwita tardigrade, maana yake mwenye kutembea polepole. Alikuwa amewaona wawili tu, tena wamevunjika, lakini aliamini kwamba ni wa aina ambayo hakuna mtu aliyepata kuiandika. Alipohamishiwa huku alileta kwa ndege sanduku la chupa za mchanga ambao bado ulikuwa na unyevu wa bahari, na madumu manne ya maji ya bahari kwa kuuosha, na tarehe 2 mwezi wa saba, kabla ya kwenda mikutanoni Lubumbashi majuma matatu, alimwachia Kalenga kazi yote na amri moja, kwamba mchanga ule usiguswe na maji mengine isipokuwa yale ya madumu.

Siku tano Kalenga aliosha kama alivyoagizwa, akachuja, akaangalia kwenye mikroskopi, hakuona kitu. Na mnakumbuka mwezi ule, chumvi ilikuwa imepotea sokoni kabisa, ndagala zinashuka kutoka ziwani kwa wingi na hakuna cha kuzitia kabla ya kuzianika, na jirani yetu Mama Angélique, mjane mwenye watoto wanne aliyeishi kwa kuuza ndagala mpaka Nyunzu, alikuwa na mabeseni sita yameanza kunuka. Mtu fulani alimwambia kwamba kule labo kuna maji yenye chumvi. Akaja kwa mguu na beseni kichwani, akaomba, na marehemu akampa dumu moja, kisha mama wa pili akaja, na wa tatu, na hakuona atawezaje kumpa mmoja na kuwanyima wengine, hata yakabaki maji ya nusu dumu tu. Ndagala zile ziliokoka. Mimi mwenyewe nilizila, zilikuwa tamu.

Ile nusu dumu aliificha kwa ajili ya kuhifadhi mchanga ambao haujaoshwa, na ili kazi isilale akafanya kile alichofanya miaka ishirini na moja na kila mchanga uliopita mikononi mwake, akateka ndoo ziwani, akaosha kwa maji ya ziwa. Alijua anakosa. Alikaa kwenye mikroskopi akitegemea kuona mchanga mtupu tena, na katika sahani ya kwanza akakuta wanyama kumi na tisa.

Aliwachora siku kumi na moja. Ninaomba niwasomee maelezo yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na daftari ninalo hapa. Mnyama hafiki robo ya milimita. Ana miguu minane, jozi tatu chini ya mwili na jozi ya nne nyuma inayoelekea mkiani, na kila mguu una vidole sita, na kila kidole kinaishia na kisahani cha duara cha kushikia punje ya mchanga wimbi linapopita, jumla vidole arobaini na vinane. Kichwani ana nywele saba, moja katikati ya paji la uso na nyingine mbili mbili, na pembeni vijiti viwili laini ambavyo marehemu aliandika kwamba huenda ni pua yake. Mdomoni ana sindano mbili za kutobolea chakula, na kooni misuli ya duara ya kufyonza. Hana mapafu, hana moyo, na bado anaishi. Mkiani ana mwiba wenye ncha mbili, na ni huo mwiba, pamoja na urefu wa vidole vya katikati, uliomtenga na ndugu zake wote wanaojulikana.

Profesa aliporudi alishika michoro ile, akavua miwani, akajipangusa macho mbele ya wafanyakazi wote. Alitaka ipelekwe Ubelgiji upesi, ikachapwe. Ila chini ya kila mchoro wa labo mchoraji huandika kwa mkono wake mchanga umetoka wapi na umeoshwa kwa maji gani, na Kalenga alikuwa ameacha mstari ule mtupu.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu kula, akanieleza yote. Wapendwa, nitasema kweli, mimi nilimshauri vibaya. Nilihesabu nyumba ya serikali ambayo angefukuzwa, Lucie aliyekuwa anaingia mwaka wa mwisho wa lise na minerval yake, ile ada ya shule, miaka ishirini na moja ya kazi, nikamwambia, kwa jina tunalomwita kaka mkubwa: "Yaya, andika maji ya bahari. Nani atakuja kulamba karatasi?" Alimaliza kula, akanawa mikono, ndipo akanijibu: "Nilihesabu vidole makumi ine na munane, hata kimoja sikuongeza. Sasa mu maji njo nidanganye?"

Jumatatu tarehe 6 mwezi wa nane aliandika mstari wake mbele ya Profesa, akaeleza na habari ya madumu. Profesa hakupiga kelele, alikunja michoro, akatoka nje. Alhamisi wakubwa walimpa marehemu barua ya kusimamishwa kazi na siku thelathini za kuacha nyumba. Mama Léontine alianza kufunga vyombo, Lucie akasema ataacha shule auze mandazi, na mimi, kwa hasira, niliacha kumsalimu Mama Angélique, nilipita mbele ya mlango wake nikiangalia upande wa pili, kana kwamba ni yeye aliyekula nyumba ya kaka yangu. Yeye alileta ndagala kila Jumamosi, anaziweka kizingitini, anaondoka bila kubisha hodi.

Siku ya kumi na tisa tulikuwa tumekaa uani, vyombo vimefungwa, tukamwona Profesa anakuja kwa mguu, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka ziwani. Alikuwa amechukua chupa za mchanga zilizobaki, akaosha moja kwa ile nusu dumu ya maji ya bahari, hakupata mnyama, akaosha nyingine kwa ndoo ya ziwa, akapata sitini na wawili. Alifahamu basi kwamba vile visahani vya vidole, ambavyo Kalenga alikuwa amevichora kimoja kimoja, hushika punje kwa nguvu maji ya chumvi yanapopita, lakini maji matamu humshtua mnyama akaachia vyote mara moja. Alisimama mbele ya marehemu na kusema: "Papa Kalenga, miaka mbili nilikuwa nawaosha ile maji wanapenda. Kosa yako njo iliwatoa mu muchanga. Rudia ku kazi."

Barua ilifutwa tarehe 1 mwezi wa tisa, vyombo vikafunguliwa, Lucie akarudi lise, akapata diploma yake, na leo ni muuguzi aliyemfumba baba yake macho. Mchoro ulichapwa Ubelgiji mwaka 1981, na Profesa alimpa mnyama yule jina la Kalenga, jambo lililomfanya marehemu kucheka juma zima, akisema kwamba ukoo wa Ilunga sasa una mjukuu asiyeweza kuvaa viatu.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 1983. Mwezi wa kumi na moja 1984 aliacha kazi kwa sababu ya macho, na mwaka jana hakuona tena, lakini alikuwa akishika kiganja cha mjukuu na kumchorea mnyama wake kwa ukucha, mguu kwa mguu, na mtoto akikosea kuhesabu anaanza upya. Mwezi wa nne mwaka huu mafigo yalichoka, akalazwa tarehe 22, na Jumatatu tarehe 9 mwezi wa tano 1988, saa tatu ya asubuhi, alikata roho akiwa na Mama Léontine, Lucie na mimi, baada ya kuniuliza kama nimekula.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao wakati dawa zilipokosekana walizitafuta mpaka Kigoma, padri aliyemletea sakramenti mara tatu, wenzake wa labo waliotengeneza sanduku kwa mikono yao, reli iliyowaleta jamaa wa Kabalo, na Profesa Mwamba, aliyesafiri siku nne kutoka Kisangani na ambaye amekaa pale nyuma, amekataa kiti cha mbele.

Na majirani. Mama Angélique, najua uko karibu na mlango, na najua kwamba miaka tisa hii umekuwa ukisema moyoni kwamba beseni lako lilitaka kuvunja nyumba ya watu. Mama, mimi ndiye niliyekuacha uamini hivyo, sikuwahi kurudi kukuomba msamaha, na leo ninakuomba mbele ya maiti ya kaka yangu. Kama usingekuja kuomba maji, yule mnyama angebaki ameshika mchanga wake mpaka leo. Asante kwa kuomba.

Karatasi iliyochapwa ninayo hapa, na familia imekubali izikwe naye. Mstari wa chini aliuandika marehemu kwa mkono wake, na maneno manne ya mwisho aliyaongeza Profesa kabla ya kuituma, unasema hivi: Mchanga wa Moanda, umeoshwa kwa maji ya ziwa, kwa kosa la mchoraji, kisha kwa makusudi kabisa.

Yaya Kalenga, kazi imekwisha na hesabu zako zote ni sawa, lala kwa amani mahali pako, na safari hii chakula chako sitakigusa.