Mafuta Kwenye Shimo la Pulaka

Kijiwe chetu kiko nje ya banda la jenereta, lile lililonyamaza tangu sola zifike Tuvalu. Hapa kisiwani pulaka, magimbi yetu makubwa, hupandwa kwenye mashimo yaliyochimbwa hadi kufikia maji matamu chini ya mchanga. Kila ukoo una siri yake ya kuyatunza, na kuchungulia shimo la mwenzio ni aibu zaidi kuliko kuchungulia bafu lake. Mvua ilikuwa imetukimbia, matangi yamekauka. Asubuhi hiyo Lapana alikuja mbio, nami nikaogopa kabla hajasema neno.

— Shimo langu lina utando wa mafuta, jamani. Majani yote manjano!

Jua, yule kipara anayetunza sola, akadakia:

— Mafuta ya nani, kama si ya Mzee Dizeli hapa, fundi wetu wa zamani? Jenereta lake lilitulisha moshi miaka yote.

— Unikome, bwana mdogo! Dizeli akafoka. Betri zako zilizokufa ziko wapi? Zile ni sumu tupu.

— Zipo bandani, zinangoja meli.

— Meli gani? Ile iliyokuja mwisho ukiwa bado na nywele?

Tulicheka kidogo, kicheko cha woga.

— Labda ni manowari ya zamani iliyozama miambani, inavuja mafuta, Dizeli akasema.

— Au bahari inatuingilia kwa chini, Jua akajibu. Tutaamka siku moja tunaelea na vitanda vyetu.

— Acha kututisha, we! Dizeli akamkatiza.

Nikamgeukia Lapana.

— Kaka, shimoni mwako umeweka nini?

Akainama. Kusema siri ya ukoo kulimuuma, nilimwona.

— Chumvi ya bahari ilikuwa inaua pulaka. Nikachukua mapipa matupu ya dizeli, nikayakata chini, nikayazamisha na kupanda humo. Niliyasugua kwa mchanga!

— Mchanga utatoa dizeli, we mtu? nikamuuliza.

Mzee Dizeli alikohoa.

— Hata mimi nimezamisha mapipa.

Jua akapangusa kipara.

— Na sisi pia.

Kila mmoja alidhani ni ujanja wake peke yake. 

Hapo akafika Losa, mkwe wa Dizeli, mtoto kiunoni, ndoo mkononi. Alikuwa amesikia.

— Baba, maji ya kisima na ya mashimo si yale yale?

Dizeli akaitazama ile ndoo.

— Maana mtoto nampa ya kisima tangu matangi yakauke. Usiku kucha ametapika. Nimfanyeje?

 Zahanati iko kisiwa kingine, na meli hatujui itakuja lini. Dizeli akampokea mjukuu wake, akamnusa mdomo, akasikia harufu ya dizeli, kisha akalia mbele yetu sote.