Nguo Juu ya Jiwe, Kemondo

Ukungu wa ziwa ulikuwa umeingia mpaka ndani ya basi la Bukoba, na Anatolia alisinzia amekumbatia kikapu chake, akiota maji meupe yasiyo na mwisho. Mazungumzo ya kiti cha mbele yalimfikia kama yanatoka ng'ambo.

"Azimio la Arusha limetufundisha kujitegemea," alisema karani wa ushirika wa kahawa, "siyo kujitegemea kwa suruali za watalii. Mzungu ameoga Kemondo juzi, amezunguka mwamba, kurudi hakukuta hata shati. Amefika hotelini amejifunga majani ya mgomba. Polisi wanamtafuta mwizi."

"Waitu, jamani, nani huacha nguo jiweni?" aliuliza mama wa Kashai aliyekaa naye. "Kwetu nguo zikibaki peke yake kando ya maji, mwenyewe amezama."

"Mama, huyo ni mwizi. Afungwe."

Anatolia akafumbua macho. Juzi, alipozikuta nguo jiweni, aliita mpaka sauti ikamkauka, ziwa halikujibu. Akamlilia mtu asiyemjua, akafua zile nguo, akazipiga pasi ya mkaa, na sasa alikuwa anazipeleka kwenye hoteli ya watalii, ndugu wa marehemu wapate cha kuzika.

"Kama si mwizi, mbona hazirudishi?" aliendelea karani.

"Labda yuko njiani," alisema mama wa Kashai.

Basi likasimama mbele ya hoteli. Ukungu ulikuwa umeondoka. Karani akanyoosha kidole kwa Mzungu aliyeketi barazani, amebanwa na shati la mhudumu.

"Ndiye yule."

Anatolia akateremka na kikapu chake, taratibu, akimtazama maiti wake akinywa chai.