Mtoto wa Bwana Sindano

Mwenyekiti wetu, akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba wachache mliokaa karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka, habari za mchana. Msiogope, sitawachelewesha. Wengi mnanijua kama nesi mstaafu wa hapa Chapwa, mnanisalimia sokoni, lakini hamjui kwamba na mimi ni mzazi wa mtoto mwenye ulemavu kama nyinyi. Binti yangu anaburuza mguu wa kulia. Ni mtu mzima sasa, anauza vitenge kule mpakani, na mguu anauburuza vilevile. Sitataja jina la mtu. Wengine wameshatangulia mbele za haki, na walio hai wana watoto.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nesi kwenye zahanati ya kijiji huko Ileje, si mbali na Isongole. Mganga wetu alihamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo zahanati ilikuwa mimi na mhudumu mmoja. Nilipima, nilizalisha, nilichanja, nilifagia. Sasa, ndugu zangu, wa umri wangu mnakumbuka watu walivyopenda sindano wakati ule. Mtu akipewa vidonge anaona hajatibiwa. Anatoka analalamika, "Nimeshuka mlima wote ule, nimepewa chaki." Akichomwa, hata yawe maji matupu, anaondoka anachechemea kwa furaha.

Mimi nilikuwa mgumu. Tulifundishwa kwamba sindano ya kwinini ni ya mtoto aliyezidiwa: anatapika kila kitu, au amelegea, au ana degedege. Anayeweza kumeza, ameze. Tena sindano zenyewe zilikuwa za kuchemsha, na ule ugonjwa, Ukimwi, ulishaingia kwa nguvu kwenye barabara kuu; miji ya Mpemba na Tunduma watu walikuwa wanazika. Nilikataa kuchoma ovyo, nikaitwa mchoyo. Kisha yakaja mabaya zaidi, kwamba dawa za sindano nazivusha Malawi kwenda kuziuza. Wakaguzi wakaja kutoka wilayani, wakakuta dawa zote zipo, wakaniaga kwa heshima, wakapanda gari lao. Wanakijiji hawakuambiwa kitu. Na mimi ningesema, nani angeniamini?

Basi watu wakahamia kwa bwana mmoja aliyekaa jirani na soko. Aliwahi kuwa mfagiaji wa wodi mahali fulani, kuchoma akajifunza kwa kutazama. Alikuwa na kibegi, bomba moja na ulimi mtamu. Wakamwita Bwana Sindano, tena kwa heshima kabisa. Njiani alikuwa ananisalimia, "Shikamoo daktari," halafu anacheka.

Siku moja binti yangu aliamka na homa. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, hatulii. Nilimpima, nikampa klorokwini, akameza na haikutoka. Nilikuwa na safari ya chanjo vijiji vya juu, kwa miguu, na boksi la barafu haliwezi kusubiri. Nikamwachia mama mkwe vidonge vya mchana na kitambaa cha kumpangusia. Nikamwambia, "Mama, homa itashuka polepole, usiogope."

Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema msije mkamhukumu kabla sijafika mwisho. Alikuwa amezika wawili wa kwake kwa homa, na jua lilipopanda, mtoto bado akiwa moto, alishindwa kukaa. Nani kati yetu angekaa? Akamfunga mgongoni akaenda kwa Bwana Sindano.

Niliporudi jioni mtoto amelala, homa imekwisha. Mama mkwe anachekelea. "Ile klorokwini yako ilikuwa inamtania, mwanangu. Amechomwa mara moja tu, homa imekimbia."

Homa ilikimbizwa na vidonge nilivyompa mwenyewe, vilikuwa vimeanza kazi. Lakini hilo halikunijia kichwani wakati ule. Asubuhi mtoto akashuka kitandani, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, akacheka, akidhani ni mchezo. Nikamgeuza, nikaona alama ya sindano kwenye tako, palepale tulipokatazwa kabisa kugusa. Hospitali ya wilaya waliniambia nilichokuwa nakijua: mshipa wa fahamu umeumizwa. Wakanionyesha namna ya kumnyoosha kila siku, na wakaniambia nisitegemee sana.

Kijijini walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema mtoto amekanyaga dawa iliyofukiwa njiani. Wengine, kwamba ni malipo yangu kwa zile sindano za Malawi. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Bwana Sindano. Wakaendelea kumpelekea watoto, na kwangu wakawa wanakuja siku ya kliniki tu, kupima uzito na kuchanja. Mama mkwe alimpeleka mjukuu wake kwa mganga wa kienyeji, wakamchanja chale mguu mzima. Alirudi naye analia, na yeye mwenyewe analia.

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Nilimchukia mama mkwe. Nilikuwa nampikia, namtengea, namnawisha mikono, na simsemeshi. Mume wangu akawa anakula haraka haraka apate kutoka. Kazini nilikuwa naingia chumba cha dawa, nafunga mlango, nakaa chini sakafuni. Nikishika bomba naliweka tena. Nilijiuliza: nilifuata kila nilichofundishwa, sikuiba, sikudanganya, na mtoto wangu ndiye aliyelemaa. Uaminifu umenisaidia nini? Wapo humu mliowahi kujiuliza hivyo, nawaona mnavyoinama. Niliandika barua ya kuacha kazi nikamkabidhi mume wangu aipeleke wilayani. Aliikalia makusudi, namshukuru kwa hilo.

Msimu wa mvua uliofuata, siku ya kliniki, uwanja umejaa akina mama, nikasikia mtu anagonga dirisha la nyuma. Nikafungua. Bwana Sindano, ana mtoto begani.

"Dada, nisaidie. Anaumwa toka jana."

"Pita mbele," nikamwambia. "Kaa kwenye benchi kama wenzako."

Nilisema kwa hasira, sifichi. Nilitaka waone. Akazunguka, akakaa, uwanja mzima ukanyamaza. Mama mkwe alikuwa palepale na binti yangu mapajani, alikuwa anamleta kila kliniki nimnyooshe mguu. Bwana Sindano akainama akaninong'oneza, lakini mahali penye ukimya kunong'ona hakusaidii.

"Usimchome, dada. Mpe vidonge tu."

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. Hakupaza sauti. "Kwa nini wako asichomwe?"

Akamhamishia mtoto bega la pili. Mama mkwe akarudia, "Baba, nakuuliza. Kwa nini wetu wachomwe, wako asichomwe?" Yule bwana akaangalia miguu ya binti yangu, akaangalia chini. Akina mama waliokuwa wamebeba watoto wakaanza kuwabana vifuani.

Laiti yangeishia hapo ningekuwa nimeshinda, si ndiyo? Lakini nilipompokea yule mtoto alikuwa kama nguo iliyolowa. Nikampa maji kwa kijiko, yakarudi. Nikampa kidonge kilichosagwa, kikarudi. Macho yanageuka. Nikajua. Mimi niliyekataa sindano hadi nikaitwa mwizi, huyu ndiye mtoto anayehitaji sindano, na bila hiyo hafiki hospitali.

"Huyu lazima nimchome," nikasema.

Yule bwana akapiga magoti. "Dada, nisamehe. Usinilipizie kwa mtoto." Akawageukia akina mama, "Jamani, mwambieni." Ninadhani wengi waliwaza kama yeye. Nawaambia ukweli, mbele ya Mungu: nilimtazama yule mtoto, nikautazama mguu wa wangu, na kitu kibaya kilipita moyoni mwangu. Hakikukaa. Lakini kilipita.

Nikamwita mhudumu atoe jiko na sufuria nje, barazani. Nikachemsha bomba mbele yao wote. Nikawaonyesha paja, mbele, upande wa nje, nikasema kwa sauti, "Mtoto anachomwa hapa. Si takoni. Mkimwona mtu anakwenda takoni, mkamateni mkono." Nikaigawa dawa iwe ya mapaja yote mawili. Kisha nikaliinua bomba, nikaliweka tena, na ule uwanja mzima unaniangalia.

Mama mkwe akampakatisha mama mwingine binti yangu, akaja, akapiga magoti kando yangu, akashika miguu ya yule mtoto. Hatukuwa tumeongea tangu mvua za mwaka uliopita.

"Mchome, mwanangu," akasema. "Nimemshika."

Nikaliinua bomba. Nikamchoma. Tulimpandisha kwenye lori la mahindi lililokuwa linaelekea wilayani, na baba yake akampakata njia nzima. Mtoto alipona. Alirudi kijijini anatembea kwa miguu yake, na kila mtu alitoka kumtazama akitembea.

Bwana Sindano hakuchoma tena pale. Alihama baada ya mavuno, sijui aliko. Mimi sikulirudisha jiko ndani. Kila kliniki nilichemshia barazani, anayetaka kuuliza anauliza, na niliwaita mabibi kwanza, kwa sababu bibi ndiye anayebaki na mtoto mama akienda shamba. Mama mkwe akawa anakaa mbele. Nesi yeyote mgeni akija, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumhoji hadi namwonea huruma nesi huyo.

Namshukuru yeye, apumzike salama. Namshukuru mume wangu na yule mhudumu aliyekuwa ananiletea uji chumba cha dawa bila kuniuliza kitu. Nawashukuru nyinyi, maana leo hapa nimeweza kulia bila mtu kuniambia ninyamaze. Kama kuna nesi kijana humu: gauni jeupe halimfanyi mtu akuamini. Wataangalia unavyomshika mtoto wa mtu ambaye una sababu ya kumchukia. Na nyinyi wazazi, ulizeni sindano ni ya nini na inachomwa wapi. Akikasirika, ulizeni tena.

Nimalizie na hili, nisipolisema nitakuwa nimewapunja. Binti yangu alipokua, tukichambua mchele, aliniuliza kwa nini nilimtibu mtoto wa yule mtu. Nikamjibu, "Alikuwa mgonjwa, mwanangu."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa mgonjwa, mama."

Siku ile ya homa yake nilikuwa nimekwenda kuchanja watoto wa watu. Kama yupo humu mwenye jibu la kumpa, anifuate tukitoka. Naomba nikae.