Kiguu na Njia na Mbio Iliyofutwa

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imemtuma binti wa pili wa marehemu awasomee historia hii, na imemwomba asome polepole, jambo ambalo katika ukoo huu halijawahi kumfaa mtu, kwa hiyo mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1945, wiki tatu kabla ya siku iliyotarajiwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi seremala na mkewe, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba hata tumboni alichoka kusubiri. Hakutambaa sana, alisimama, akaanguka, akasimama tena, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu, maana nyumbani, shuleni na kazini aliitwa Kiguu na Njia.

Alianza shule ya msingi Januari 1953, kilomita sita kutoka nyumbani, akawa anakwenda mbio na kurudi mbio, si kwa kuchelewa bali kwa kuwa kutembea kulimchosha, akamaliza sekondari mwaka 1962 na kuhitimu chuo cha ualimu tarehe 4 Desemba 1964. Tarehe 11 Januari 1965 aliajiriwa kufundisha hesabu na michezo, katika shule hiyo hiyo aliyostaafia tarehe 14 Juni 2005, na kwa miaka yote arobaini filimbi haikumtoka shingoni wala saa ya kupimia mbio haikumtoka kiganjani. Waliopita mikononi mwake wanaikumbuka kauli yake, kwamba saa haina undugu, na ukianza kabla ya filimbi, hata ukishinda, mbio imefutwa.

Tarehe 19 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, na siku hiyo hiyo alimwacha bibi harusi hatua kumi nyuma wakitoka ukumbini, akashtuka, akarudi kumshika mkono, na mama anasema ndiyo mara pekee aliyomwona akirudi nyuma kwa hiari yake. Walijaliwa watoto wanne, mwaka 1972, 1975, 1979 na 1983, na wajukuu tisa, ambao wote aliwapima mbio kabla hawajajua kusoma.

Mwishoni mwa mwaka 2017 miguu ilianza kubanduka sakafuni kwa shida, kana kwamba amekanyaga gundi, hatua zikafupika, kugeuka mlangoni kukawa kazi ya kutwa, mkojo ukaanza kumtangulia chooni, na majina ya watu yakawa yanampotea. Wote tulisema ni uzee, na aliyelisema kwa sauti kuliko wote ni huyu anayewasomea, akamnunulia na mkongojo, ambao mzee aliutumia kufungulia dirisha la juu. Mwaka mzima ulipita hivyo, na unatuuma hadi leo.

Januari 2019 daktari wa mishipa ya fahamu alimpiga picha ya kichwa, akakuta maji yamejaa kupita kiasi katika vyumba vya ubongo, akasema huenda ndiyo yanayomfunga miguu, ila picha peke yake haitoshi. Angepimwa mwendo wa mita kumi, kisha angetolewa maji kidogo mgongoni na kupimwa tena, akitembea vizuri zaidi angefanyiwa upasuaji wa kuwekewa mrija wa kuyapunguza maji hayo, na tofauti isipoonekana angerudi nyumbani kwenye kiti chake.

Jumanne, tarehe 5 Februari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mpole wa sauti na mkali wa macho, alishika saa akamwambia mzee atembee mwendo wake wa kawaida. Afadhali angemwambia aruke ukuta. Mtu wa miaka arobaini ya filimbi, akiona saa mkononi mwa mwenzake, mwendo wa kawaida anautoa wapi? Isitoshe, siku mbili nzima alikuwa ameufanyia mtihani ule mazoezi ukumbini kwake, akijishikiza ukutani, na binti yake huyu anayewasomea alimwona akanyamaza. Aliuma meno, akazimaliza mita kumi kwa sekunde kumi na tano, akamwangukia mtaalamu kifuani, akauliza kama amefaulu.

Siku ile binti hakutulia, akisema anamwaibisha baba yake, na akinyamaza anamfunga miguu kwa mkono wake mwenyewe, ila aliona kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kesho yake asubuhi, kabla maji hayajatolewa, akamweleza mtaalamu yote. Mtaalamu hakumkaripia mtu, aliificha saa mfukoni, akamwomba mzee amletee miwani yake iliyoko dirishani, mita kumi zile zile, na safari hiyo zikawa sekunde thelathini na moja, hatua arobaini na nne, na kugeuka tu kulikula hatua tisa. Mzee alipoona yanaandikwa, alielewa, akamtazama binti yake. Mchana maji yalitolewa, na baada ya saa tatu alitembea kwa sekunde kumi na sita, hatua ishirini na tatu, bila kuuma meno. Lau matokeo ya Jumanne yangeachwa, angeonekana amezidi kuwa mzito.

Siku tatu hakumsemesha binti huyo. Siku ya nne alidai daftari lake la mbio, akaandika, akamsukumia asome: “Tarehe 5 Februari, mita kumi, sekunde kumi na tano. Imefutwa. Mkimbiaji alianza kabla ya filimbi.” Binti alilia, naye mzee akamwuliza anangoja nini, mbona hajaenda kuulizia tarehe ya upasuaji.

Alipasuliwa tarehe 26 Februari 2019, na ingawa baadhi ya majina hayakurudi, miguu ilirudi, akatembea miaka mitano zaidi, akitutangulia kila mahali. Tarehe 27 Julai 2024 alilazwa kwa homa ya mapafu, na Ijumaa, tarehe 2 Agosti, saa nane mchana, akiwa na miaka sabini na tisa, umauti ulimfika, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliomrudisha nyumbani alipokuwa akipotea njia, na mtaalamu wa viungo, ambaye yuko nasi hapa, tunayemwomba radhi kwa ile Jumanne. Watakaolibeba jeneza wasiharakishe.

Baba, hakuna aliyeshika saa. Nenda mwendo wako wa kawaida. Pumzika kwa amani.