Sauti Iliyobaki Dunguni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na sisi watu wa bondeni! Mnivumilie, leo sauti yangu inakwaruza. Sababu yake ndiyo ushuhuda wangu.

Mnanijua. Nimerudi kutoka Uganda na diploma ya kilimo, wa kwanza kijijini kwetu. Toka Ifakara hadi Lupiro nilikuwa nikisema, "Nimejisomesha mwenyewe!" Nilisema hata Jumapili iliyopita, humu humu kanisani, dada yangu Felista amekaa benchi la nyuma.

Kesho yake nilimfuata shambani, nimevaa suti. Mpunga unaiva, naye yuko juu ya dungu la miti, anafukuza ndege kwa kombeo na kelele.

"Shikamoo dada. Wewe uliyekuwa ukianzisha nyimbo zote, mbona siku hizi huimbi?"

Akacheka kwa ile sauti yake iliyopasuka. "Marahaba, bwana diploma. Panda, ushike upande wako. Ndege hawasomi vyeti!"

Upande wangu! Ndugu zangu, hapo nikakumbuka. Msimu wa kuamia ndege, watoto wa huku huacha shule, huhamia shambani mpaka mavuno. Mimi sikuacha hata siku moja. Baba alikuwa ameshafariki, na Felista alimwambia mama, "Mwache asome. Nitapiga kelele za watu wawili." Akapiga, upande wake na upande wangu, alfajiri mpaka jua kuzama, misimu sita. Sauti yake ilibaki kule.

Nikapanda na suti yangu. Kabla ya adhuhuri koo lilikuwa limekauka, na ndege wanakula tu. Nikalia.

"Dada, nitakulipa nini?"

"Utanirudishia sauti? Piga kelele, wale wanashuka!"

Bwana alinifungua palepale, juu ya dungu! Kiburi kilinitoka. Na Msalaba, ambao tangu utoto niliuimba tu, nikauelewa: Mwokozi alisimama upande wangu mimi nikiwa sipo. Halilipiki hilo. Mtu hupokea, akashukuru. Wewe unayedhani umejifikisha mwenyewe, mtegemee Yeye leo.

Wiki nzima nimekuwa dunguni. Diploma ninayo bado, na ni nzuri sana. Lakini sasa namwomba dada Felista asimame, atuanzishie wimbo wa shukrani. Sauti yake ikikatika, ndugu zangu, tuipokee sote.