Mgongo kwa Kijia

Nilikuwa namenya ndizi za jioni, mikono imeganda utomvu, jirani yangu Rozi alipoita juu ya ua: jana mwanafunzi wa chuo kanyang'anywa begi kwenye kijia cha nyuma ya kibanda changu cha kahawa. Kisu kilisimama. Binti yangu Kokuberwa hupita hapo kila siku akitoka masomo ya jioni. Nilipotoka na birika, wazee wangu wawili wa benchi tayari walikuwa na dawa: Injinia, fundi baiskeli wa Kitendaguro, na Jaji, ambaye aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja.

— Chuo kijenge ukuta, Injinia alisema. Mita nne, chupa juu.

— Mwizi akishakuwa ndani, nani atamwona? Jaji akauliza.

— Basi taa. Nguzo ishirini.

— Kwenye kibanja changu cha migomba? Sikati hata mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo, Jaji?

— Mwizi si mgeni?

— Basi tufuge nyuki kando ya kijia. Akijificha, wanamtoa.

— Na wanafunzi?

— Nyuki watazoea harufu ya vitambulisho.

— Mama Koku, wewe wasemaje?

— Nasema kuanzia kesho Koku haendi masomo ya jioni.

Jaji akatazama kikombe chake. Ndiye aliyemwandikia Koku barua ya kuomba nafasi hapo chuoni.

— Huu ni mwaka wa mwisho, mama.

— Najua ni mwaka gani.

Salma, anayeniletea dagaa kutoka kisiwa cha Goziba, alikuwa amesikia yote; akatua beseni.

— Kaibiwa saa ngapi?

— Kumi na moja jioni. Hatua thelathini toka hapa.

— Nyinyi mlikuwa wapi?

— Hapa hapa! Lini hatupo?

— Mlikuwa mnatazama wapi?

Injinia akageuza shingo; kijia kilikuwa mgongoni kwake. Benchi linatazama barabara, ili mtu asipite bila kusalimiwa na kuulizwa atokako.

Nikaleta kisu cha ndizi, nikamkabidhi Jaji.

— Majani ya chini tu ya migomba yangu, alisema.

Akafyeka mpaka kijia na lango la chuo vikaonekana. Mimi na Injinia tukageuza benchi litazame kijia.

Saa kumi na mbili Koku akatokea langoni.

— Koku! Injinia alipaza sauti. Masomo yamekwendaje? Na huyo nyuma yako ni mtoto wa nani?

— Jamani, si mngoje nifike!

Nikaepua ndizi na dagaa. Koku, Salma, Injinia, Jaji: wote wapo.

— Kesho usichelewe darasani, nikamwambia Koku.

Wazee niliwaita kunawa, hawakugeuka, macho yako kwenye kijia. Ikabidi niwapelekee maji pale pale.