Mwalimu Gershom Menza, Jarida la Tamko na Dirisha la Kantini

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Gershom Menza anastaafu baada ya kufundisha Kiswahili chuoni kwetu miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Kiti chake katika ofisi ya walimu kinabaki. Wageni wetu tafadhali mkikague: mto wake ungali na nailoni ya dukani. Sisi wenzake kila mmoja amemaliza viti viwili, na mimi, kwa uzito niliojaliwa, vinne.

Alikuja Agosti 1994 kutoka Kaloleni, kijana mwembamba, akapewa vipindi kumi na vinane kwa wiki, akalalamika kuwa ni vichache. Hufundisha akitembea. Wanafunzi wa mbele hutoka darasani na maumivu ya shingo, na wa nyuma hawasinzii kwa sababu hawajui atatokea upande gani. Nyumbani kwake ni Mjambere, na huja kazini kwa miguu. Ukimpa lifti hushuka akiona foleni, akakutangulia kufika. Mimi amenitangulia mara tatu, na mara ya tatu alinifungulia geti.

Asiyemjua kwa hayo anamjua kwa Tamko, jarida la mtandaoni la Chama cha Balagha. Balagha, kwa wageni wetu, ni sanaa ya kusema hadi mtu akubali. Chama ni cha wanafunzi: wao huandika, wao huhariri, wao hulipandisha jarida kwenye tovuti ya chuo mara nne kwa mwaka. Mlezi, kwa mujibu wa kanuni, kazi yake ni kutia sahihi. Mwalimu Gershom kanuni hiyo hakuisoma ikaisha.

Toleo la kwanza, mwaka 2016, lilitoka na kosa. Kwa pupa yao, wanafunzi walipandisha nakala ya kazi, ile yenye maoni ya mlezi pembeni kwa rangi nyekundu. Chuo kizima kikasoma: "Hapa unanisihi au unanitukana?" Na chini yake: "Sentensi hii imetoka nyumbani bila nguo." Mhariri alilia. Mwalimu Gershom aliuzunguka uwanja wa mpira mara mbili akifikiri, kisha akaagiza yaachwe vivyo hivyo. Tangu siku hiyo kila toleo hutoka na wekundu wake, na wasomaji huanzia huko pembeni. Makala yangu ya pekee iliyowahi kuchapishwa ilipambwa hivi: "Bwana Tinga, ulimaliza kusema mstari wa pili. Haya mengine umeyaleta ya nini?"

Halafu kuna dirisha la kantini. Hakuna makala inayotoka kabla mwandishi hajaisoma kwa sauti dirishani hapo, mbele ya Bi. Mapenzi, mpishi wetu, huku mwenyewe akisukuma chapati zake. Haombwi anyamaze wala asikilize. Akiuliza, "Halafu?", makala imepita. Akiuliza, "Mwanangu, umekula?", mwandishi arudi akaandike upya. Nicanor, mhariri mkuu wa sasa, kijana wa Nakuru, alilishwa chapati nne kabla ya makala yake ya kwanza kupita. Alikwenda kushtaki: "Mwalimu, si hata hasikii, anapika tu!" Akajibiwa: "Mwache apike. Wewe mfanye asikie."

Oktoba ikaja barua kutoka ofisi ya mkuu wa chuo. Chama chochote kisicho na mlezi ifikapo tarehe 21 Novemba kitafutwa, na kazi zake zitaondolewa kwenye tovuti. Matoleo arobaini! Mwalimu Gershom akaanza kuzunguka meza za ofisi ya walimu akitafuta mrithi, na kila alipokaribia, watu wakakumbuka vipindi. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine na kamati ya harusi. Bi. Dorothy wa hisabati alimwambia waziwazi: "Gershom, mimi nina magoti mawili tu."

Mimi nilijificha stoo ya vitabu. Alinikuta, kwa kuwa mtu wa umbo langu akipanda ngazi husikika akipumua kwa robo saa. Hakunibembeleza. Alisema wasifu wake nimepewa mimi niuandike, basi niusome dirishani kama kila mtu. Nikiambiwa "halafu", nitie sahihi barua ya ulezi. Nikiulizwa kama nimekula, ataniacha na amani yangu. Nilikubali mbiombio. Uandishi wangu naujua.

Nilisoma orodha ya vyeo vyake: mkuu wa idara miaka tisa, mtahini miaka kumi na miwili, mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Sikufika maktaba. "Mwalimu," Bi. Mapenzi akasema, "umekula?" Nikala.

Ningeishia hapo, huru na nimeshiba. Nilirudi ofisini nikakaa, nikainuka, nikakaa tena. Kukaa kukanishinda, mimi niliyemaliza viti vinne! Nje kwenye kibaraza alikuwepo Nicanor na simu yake. Hakuniomba kitu. Alikuwa anayanakili matoleo ya Tamko kwenye simu, moja baada ya jingine, yasije yakafutwa. Alikuwa amefika la kumi na saba.

Kesho yake nilirudi dirishani na karatasi nyingine. Humo vyeo havikuwemo. Mlikuwa na kiti cha nailoni, maoni mekundu, mimi stoo na pumzi zangu, na Nicanor akihesabu kumi na saba, kumi na nane. Hapo ule mti wa kusukumia chapati ukasimama.

"Halafu?" akauliza Bi. Mapenzi.

Halafu sikuwa nimeandika kitu. Nikaitoa barua mfukoni nikaitia sahihi pale pale dirishani, tarehe 20 Novemba, na unga wa ngano ungalipo kwenye jina langu. Nilipogeuka, Mwalimu Gershom alikuwa nyuma yangu. Miguu yake miwili ilikuwa imetulia chini. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuiona hivyo.

Mwalimu, ahsante. Tumekuchangia kiti cha kuegemea cha baraza yako ya Kaloleni, na nailoni tumeibandua wenyewe, maana tunakujua. Mungu akujalie afya wewe na Bi. Caroline, mkeo, na maisha mema yenye mapumziko kidogo, japo kidogo tu. Toleo la arobaini na moja linatoka Januari. Lisome umekaa. Kukaa kukikushinda, ulete wekundu wako. Pembeni tumekuachia nafasi.

Changawa Tinga
Idara ya Kiswahili, na sasa Mlezi wa Chama cha Balagha